Riba Imelala Kitandani kwa Mama

Kitu cha kwanza nilichokiona katika ndoto ya jana usiku ni kinyota. Kilikuwa kidogo kama kichwa cha njiti ya kiberiti, cheusi, kimekaa kwenye mlango wa friji letu jipya, juu kidogo ya mpini. Nilidhani ni nzi. Nikalowesha kitambaa nikaanza kukifuta.

"Taratibu," kinyota kikasema. "Nimebeba mzigo."

Nikakiomba radhi. Sikushangaa kwamba kinasema. Nilishangaa kwamba kinanong'ona.

"Mbona unanong'ona?"

"Kwa sababu imelala," likajibu friji.

Friji lilikuwa limeshika pumzi. Ule mlio wake wa kila siku haukuwepo. Lilisimama kwenye kona ya sebule kama mtu aliyejificha nyuma ya mlango, na jasho lilikuwa linalitiririka ubavuni.

Ngoja kwanza nieleze habari ya friji lenyewe.

Tulilinunua kwa mkopo, mimi na mama, katika duka moja la hapa Tabora, ili niwe nauza juisi ya ukwaju barazani kwetu Isevya. Juu yake palibandikwa karatasi nyekundu yenye maandishi makubwa: MIEZI SITA BILA RIBA. Mwisho wa neno riba palikuwa na kinyota. Mimi shule niliachia darasa la tano, na mwalimu wetu wa darasa la tano alikuwa na kawaida moja. Mtoto akipata zote, anamchorea nyota kwenye daftari. Kwa hiyo nilipoiona nyota ile nilifurahi. Nikajua duka hili limepata zote.

Muuzaji anaitwa kaka Festo. Alituambia, "Riba ipo, lakini imelala. Lipeni rejesho la kila mwezi, msichelewe, haitawasumbua." Halafu akataka dhamana. Nyumbani kwetu kitu cha maana ni kitanda cha mama, cha mninga, alichochongewa na marehemu baba. Mgongo wa mama hauwezi kulala chini. Akilala chini usiku mmoja, asubuhi tunamwinua watu wawili.

Mama hajui kusoma. Aligeuka akaniangalia mimi, kwa kuwa mimi ndiye msomi wa nyumba.

"Umeelewa, Siku?"

"Ndiyo mama, nimeelewa."

Basi akaweka dole gumba, na kitanda kikawa dhamana.

Sasa katika ndoto ni mchana, jua kali, na mimi naingia chumbani kwa mama kwa ncha za vidole. Mama amelala ubavu kwenye ukingo wa kitanda, macho wazi. Upande wa ukutani, chini ya shuka lake la maua, riba imelala.

Riba ni nyeupe. Haina nywele. Imeumuka kama unga wa maandazi uliosahaulika juani, na ina kope ndefu kama za ng'ombe. Kila ikivuta pumzi inaongezeka kidogo. Ikitoa pumzi hairudi ilipokuwa.

"Mama," nanong'ona, "nani ameileta humu?"

"Ilikuja ndani ya boksi la friji. Ilikuwa ndogo hivi, kama andazi. Nikaona ikilala sakafuni itapata baridi."

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile ile. Kwani wewe hukuiona?"

"Sikuiona."

"Ah. Mimi nilijua unajua. Si ulisema umeelewa?"

Riba inavuta pumzi. Mama anasogea nusu ya kiganja kuelekea ukingoni. Hakuna mahali pengi pa kusogea.

Hapo nikakumbuka kwamba nyumba yetu ina sheria. Katika ndoto nilikuwa naijua tangu zamani. Sheria ni ukimya. Jogoo wetu amefungwa kitambaa mdomoni na anawika kwa macho tu. Kuku wamevaa soksi. Mama hukaanga vitunguu bila kuwasha moto, ili mafuta yasilie. Jirani anapokuja kunidai chombo chake hasemi hodi, anasimama mlangoni anapepesa mikono mpaka nimwone. Mimi ndiye niliyewafundisha wote. Nilikuwa hodari sana. Maisha yangu yote nimekuwa mtu wa kutotoa sauti, na sasa kwa mara ya kwanza kazi hiyo imekuwa na faida.

"Itaamka kesho kutwa," kinyota kikaniambia sikioni. Sijui kilihamia lini begani kwangu. "Miezi sita inaisha."

"Haitaamka. Mimi nimelipa kila mwezi. Sijachelewa hata mara moja."

"Hujachelewa," kinyota kikakubali. "Lakini umemaliza?"

Nilikuwa sijawahi kufikiri kwamba kutochelewa na kumaliza ni vitu viwili.

"Nenda kaulize," friji likanong'ona kutoka sebuleni. "Pita humu kwangu, ni karibu."

Likafungua mlango. Nikasogeza chupa za ukwaju, nikainama, nikaingia.

Ndani ya friji ni dukani.

Ni duka lile lile, isipokuwa baridi ni kali na taa inazimika kila mtu anapofunga mlango. Kwenye kaunta hakuna mtu. Kuna kalamu tu, ile ya dukani iliyofungwa kamba ili wateja wasiondoke nayo. Kamba imeizunguka shingoni. Kalamu imezeeka, imetafunwa upande mmoja.

Nikaiamkia. "Shikamoo."

"Marahaba. Jina?"

"Sikudhani."

"Wote wanaofika hapa husema hivyo. Jina?"

"Ndilo jina langu. Sikudhani Maganga."

Kalamu ikaniangalia, ikaangalia kamba yake, ikapumua. "Haya. Una shida gani, Sikudhani?"

Nilitaka kuuliza imebaki kiasi gani. Swali lenyewe ni fupi. Lakini nyuma yangu, mbali, ndani ya nyumba yetu, nilisikia riba inavuta pumzi na mbao za mninga zinalia kidogo, nikaogopa kuiamsha. Nikanyoosha mkono tu, nikaonyesha friji, nikaonyesha kitanda, nikaonyesha kidole kwenye midomo.

"Hawezi kusema," kalamu ikaeleza, sijui ilimweleza nani. "Tumletee ile 'ndiyo' yake."

Kikaletwa kitundu kidogo cha fito. Ndani yake palikuwa na kitu mfano wa kifaranga, kimeinamisha kichwa.

"Hii ni ya kwako?"

Nilitaka kukataa, lakini kifaranga kikasema, "Ndiyo, nimeelewa," na sauti ilikuwa yangu kabisa. Hata ule upole wa mwishoni ulikuwa wangu.

"Uliiacha hapa siku ya kununua," kalamu ikasema. "Tunailisha. Inakula vizuri."

Nyuma ya kaunta taa ikawaka, nikaona chumba kirefu chenye vitundu kutoka sakafuni mpaka darini. Vyote vina ndiyo za watu. Nyingine ndogo kama yangu, nyingine zimeota vilemba na kucha. Zilipoona mwanga zikaanza kwa pamoja, ndiyo, ndiyo, nimeelewa, hamna shida, niweke wapi sahihi, ndiyo.

Kaka Festo alikuwa amekaa juu ya kiti katikati ya vitundu, anamenya karanga. Alivaa shati lake la kazini. Aliponiona akasimama.

"Dada Siku! Karibu. Mama hajambo?"

Nikaonyesha kwa mkono kwamba mama yuko ukingoni.

"Pole. Lakini si nilikueleza siku ile?" Akapunguza sauti, akasogea karibu. "Kusema kweli na mimi nililishwa maneno tu. Walituita semina, wakaeleza asubuhi nzima, wakauliza tumeelewa? Watu arobaini tukasema ndiyo. Nilikuwa naogopa kuwa mtu pekee wa kunyoosha mkono." Akaonyesha kitundu kikubwa pembeni. Ndani yake palikuwa na jogoo mzima, amenona, anatutazama kwa dharau. "Ile pale ni ya kwangu. Hunidonoa."

"Festo," kalamu ikasema, "acha porojo. Kinyota, mshushie mzigo mtoto wa watu."

Kinyota kikaruka kutoka begani kwangu, kikatua kwenye kaunta, kikapiga mluzi. Kutoka chini ya kaunta wakatoka sisimizi. Walitoka kwa mistari, wamebanana, na nilipoinama nikaona hawakuwa sisimizi. Yalikuwa maneno. Yale maandishi madogo ya chini kabisa ya karatasi, ambayo siku ile niliyaona nikadhani ni mapambo ya ukingoni.

"Soma," kalamu ikaniambia.

Mimi nasoma kwa kuweka kidole chini ya neno. Naweka kidole, neno linapanda juu ya kidole linashuka upande wa pili. Naweka tena. Endapo. Salio. Lolote. Litabaki. Nikilishika neno moja, matatu yameshapita. Natokwa jasho ndani ya friji.

Kaunta inakuwa dawati. Nimekaa darasa la tano, magoti yanagusa ubao wa dawati kwa kuwa nimekua. Watoto wote wamegeuka wananiangalia. Wana umri wa watoto, lakini wote wamevaa mashati ya kaka Festo.

"Nani hajaelewa?" inauliza sauti kutoka mbele.

Hakuna anayenyoosha mkono. Na mimi sinyooshi. Mkono wangu mwenyewe nimeukalia chini ya paja.

"Vizuri. Basi ingizeni kitanda."

Mlango wa darasa unafunguka na kitanda cha mama kinaingia, kinatembea kwa miguu yake minne kama mnyama aliyechoka. Riba imejaa kitanda chote. Imemwagika kwenye ubao wa kichwani. Mama hayuko tena juu ya godoro. Ananing'inia ubavuni, ameshika mbao kwa mkono mmoja, kanga imefunguka kichwani. Miguu haifiki chini, na chini si sakafu ya darasa, ni mbali, sioni mwisho wake.

Kope za riba zinatikisika.

"Siku," mama anasema. Hanong'oni. "Uliza, mwanangu. Uliza imebaki ngapi, tulipe tumalize."

Naweka kidole midomoni. Namkazia macho. Mama, nyamaza, nyamaza.

"Unamnyamazisha kwa sababu gani?" kalamu inauliza. Imekuja na kamba yake mpaka darasani.

Naionyesha riba kwa kidevu.

"Riba? Hebu iangalie vizuri."

Naiangalia. Naanza usoni, napanda kwenye kope, nazunguka upande wa kulia, nazunguka upande wa kushoto. Kichwa ni laini kotekote, kama donge la unga.

"Haina masikio," kalamu inasema. "Haijawahi kuwa nayo. Ungeweza kupiga ngoma humo ndani miezi yote sita. Haiamshwi na kelele. Inaamshwa na tarehe. Tarehe ikifika ikakuta deni limeisha lote, inakufa usingizini, hata harufu haiachi. Ikikuta umebakiza, hata kama ni hela ya chumvi tu, inaamka."

Nafungua mdomo. Rejesho, nataka kusema. Nimelipa rejesho, kila mwezi, kiasi kile kile mlichoniambia.

"Tulichokuambia ulipe," kalamu inasema, kana kwamba imenisikia, "ni cha kukufanya usichelewe. Si cha kumaliza. Cha kumaliza ni kikubwa zaidi. Hicho hukuuliza."

Riba inafungua jicho moja.

Jicho ni zuri, jeusi, la upole. Linaniangalia kama mgeni aliyeamka kwenye nyumba ya watu na kukuta hajawekewa maji ya kunawa.

"Nimelala njaa," inasema.

Kaka Festo, ambaye sasa yuko kwenye dawati la mbele, anasema haraka haraka, "Ipe cha leo, dada. Ipe kile kidogo kilichobaki, itulie."

"Cha leo?" Riba inacheka, na kitanda kizima kinatikisika, na mkono wa mama unateleza. "Nilale miezi sita halafu nidai cha leo tu? Mimi nianzie chai ya siku ile mlipolipakia friji kwenye mkokoteni. Kisha chakula cha mchana cha siku ile ile. Kisha cha usiku. Nitakuja nazo siku zote mpaka hapa."

"Lakini dada amebakiza kidogo," Festo anasema.

"Ulichosema ni amebakiza. Sikusikia kingine, sina masikio. Wala sili kwenye kilichobaki. Nala kwenye friji zima, kama lilivyokuwa siku ya kwanza, kama vile hajawahi kulipa hata senti."

Inainama, inauma mguu wa kitanda. Mninga ni mgumu, fundi seremala yeyote wa hapa atakuambia, lakini unakatika kama muwa. Kitanda kinalala upande. Mama anashika kwa vidole vinne. Vitatu.

"Siku!"

Nasema, "Ndiyo."

Sikutaka kusema hivyo. Najaribu tena, navuta pumzi mpaka kifua kinauma. "Ndiyo, nimeelewa." Kila neno ninalolitafuta kinywani, ninalolikuta ni lile. Kifaranga kiko kwenye kitundu, mbali, lakini mdomo umebaki na umbo lake.

"Anasema ameelewa," darasa zima linasema. "Ana nyota."

Kweli, kinyota kimekuja, kimekaa kwenye paji la uso wangu. Nasikia kinaungua. Riba inauma mguu wa pili wa kitanda. Mama ananiangalia bila hasira. Hicho ndicho kilichonitisha kuliko vyote. Ananiangalia kama siku ile dukani, akiamini kwamba msomi wa nyumba anajua anachofanya, hata sasa, hata akiwa ameshika kwa kidole kimoja.

Kikaachia.

Kishindo kikaniamsha.

Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Nilikuwa nimekaa juu ya mkeka wangu, shuka limenizunguka shingoni, na mdomo umekauka. Sebuleni friji lilikuwa linanguruma kama kawaida yake. Mlangoni pake hapakuwa na kitu. Jogoo akawika, tena kwa nguvu.

Nikaenda chumbani kwa mama. Kitanda kilikuwa na miguu yake minne. Mama alikuwa amelala, salama, nikashusha pumzi. Halafu nikaona jinsi alivyolala.

Alikuwa kwenye ukingo kabisa, mkono mmoja umeshika ubao. Kitanda cha futi tano, na yeye mtu mwembamba. Upande wa ukutani, ambako tangu baba afariki halali mtu, godoro lilikuwa limebonyea, shimo refu na pana, shuka la maua limeingia ndani yake. Nikaweka kiganja. Palikuwa na joto.

Mama akafumbua macho. "Vipi, Siku? Mbona umesimama hivyo?"

"Hamna kitu, mama."

"Mgongo unaniuma. Sijui nimelalaje." Akajaribu kugeukia upande wa ukutani, akaingia kwenye lile shimo, akasita. Akalipapasa. "Hili godoro nalo limeanza kuchoka."

Nilibaki nimesimama. Nje watu walikuwa wanafagia. Kesho kutwa, mwisho wa ile miezi sita, ilikuwa bado kesho kutwa. Duka hufunguliwa saa mbili, na kaka Festo angekuwa amesimama pale mlangoni na shati lake, na wateja wangekuwa wamejaa, na wote wangegeuka kunisikiliza. Nilihisi neno lile la kila siku limeshapanda, limekaa tayari nyuma ya meno. Nikalimeza. Lilishuka kwa shida.

"Mama," nikasema, na sauti ilitoka kubwa mpaka yeye akakaa kitako, "siku ile dukani mimi sikuelewa."